Msahihishaji Ajisahihishe

Katika nchi za Afrika ya Mashariki hapana hukumu itolewayo kwa wepesi kuliko hukumu juu ya Kiswahili cha mtu mwingine. Mtu akifungua kinywa sokoni, barazani, darasani au katika redio, maana ya maneno yake haijafika bado, na msikilizaji amekwisha kuyapima matamshi yake, amekwisha kukisia nchi aliyotoka, na amekwisha kumweka katika daraja. Huyu amesema "gari yangu", basi yu mtu wa bara. Yule amesema "masaa mawili", basi hakusoma. Wale wa Nairobi wanaiharibu lugha, wale wa Lubumbashi walikwisha kuiharibu zamani, na vijana wa kila mji watamaliza kilichosalia. Shahidi hakuulizwa, wala mshitakiwa hakupewa nafasi ya kujitetea. Hukumu imekatwa, na hakimu amekwenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Kwa watu wa kawaida jambo hili ni mchezo. Watani huchekana kwa lafudhi kama wanavyochekana kwa vyakula, na mchezo huo haumwumizi mtu sana. Walakini mchezo hugeuka kuwa dhuluma unapoingia katika vyumba vya elimu, ukavaa joho la utaalamu, na kushika kalamu nyekundu. Mtaalamu hasemi "nacheka", husema "nasahihisha". Neno lake huandikwa katika cheti cha mtoto, na huamua nani aendelee na nani abaki. Mtu mwenye nguvu kama hizo anapaswa kujipima nafsi yake kabla ya kumpima mwingine, na asiyejipima huidhuru lugha kuliko kosa analolihukumu.

Na yaanze mashitaka kwa kosa linalolaaniwa mno, yaani kuchanganya lugha. Katika mikutano ya wataalamu wa Kiswahili ni nadra kupita siku bila ya mmoja kusimama na kuwalaumu vijana kwa kuchanganya Kiswahili na Kiingereza. Sheng ya Nairobi hutajwa kama ugonjwa. Maneno mazito husemwa, na watu hupiga makofi. Kisha huja wakati wa chai. Wasemaji wale wale hukusanyika ukumbini na vikombe vyao mkononi, na sentensi zao huanza kwa Kiswahili zikamalizikia kwa Kiingereza, au huanza kwa Kiingereza zikaomba msaada wa Kiswahili katikati ya njia. Tena sehemu kubwa ya vitabu na makala za kitaaluma zinazoichambua sarufi ya Kiswahili zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi atakaye kujua habari za ngeli au za kitenzi cha lugha yake aghalabu hana budi kuzisoma katika lugha ya watu wengine.

Mtaalamu akiulizwa kwa nini hali iwe hivyo, majibu yake yako tayari. Atasema kuwa wasomaji wake wamo katika nchi nyingi, kuwa cheo chake hutegemea majarida ya ng'ambo, na kuwa istilahi nyingine hazijapatikana, au zimepatikana lakini hazijazoeleka. Majibu haya si ya uongo. Yana uzito wake, na mtu mwenye haki atayasikiliza. Lakini na yasikilizwe pia majibu ya kijana wa mitaa ya mashariki ya Nairobi. Naye alizaliwa katika nyumba za kupanga ambamo mlango huu ni wa Waluo, wa pili wa Wakamba, wa tatu wa Wakikuyu na wa nne wa Waluhya; shule ilimpa Kiingereza, na njia ilimpa Kiswahili. Naye alikuwa na wasikilizaji wa namna nyingi. Naye alihitaji neno na hakulikuta karibu. Sababu ambazo mtaalamu amejigawia mwenyewe kwa ukarimu amemnyima kijana huyu kabisa. Kama haja ni udhuru, ni udhuru kwa wote wawili. Na kama si udhuru, basi mwenye elimu kubwa ndiye mwenye kosa kubwa.

Baada ya kuchanganya lugha huja makosa ya sarufi. Hapa msahihishaji hudhani kuwa amesimama juu ya mwamba. Neno "masaa" lafaa kuwa mfano, maana limepigwa vita kwa miaka mingi. Huambiwa wanafunzi kuwa wingi wa saa ni saa, na kwamba "masaa" ni ujinga. Lakini ni wangapi kati ya wakatazao waliojiuliza kwa nini neno hilo halifi? Msemaji wa Kiswahili akitaja "saa mbili" huenda ana maana ya wakati wa siku, jua likiwa limekwisha kupanda. Na huenda ana maana ya muda unaopita baina ya jambo moja na jingine. Watu wengi wamezitenganisha maana hizo mbili kwa kusema "saa mbili" kwa ule wakati na "masaa mawili" kwa ule muda. Hawakukaa baraza wala hawakupiga kura, bali waliona pengo wakaliziba. Mtu aweza kulikataa neno lao katika maandishi rasmi, na zipo sababu nzuri za kulikataa. Lakini kuwaita wajinga watu waliotambua tofauti ambayo mwalimu wao hakuitambua ni kuupindua ujinga juu chini.

Hali ni hiyo hiyo katika upatanisho wa maneno. Mtu wa bara asemapo "gari yangu" huambiwa kuwa hajui mpango wa ngeli, na kwamba mpango huo haukubali kuvunjwa. Mwenye kusema hayo, akirudi nyumbani kwake jioni, atasema, "Rafiki yangu amekuja." Katika maneno matatu tu, "yangu" imefuata mpango mmoja na "amekuja" imefuata mwingine, wala hapana anayeshituka. Sarufi imeuruhusu mgongano huo kwa sababu wenye lugha wameuzoea. Basi kumbe mazoea ya watu yana nguvu ya kufanya sheria. Swali linalobaki ni mazoea ya nani. Na swali hilo msahihishaji halipendi, maana humpeleka katika historia, na katika historia hana raha.

Historia yenyewe haina siri. Katika karne ya 19 wamisionari walikuwa wamegawanyika: Edward Steere alikiandikia kitabu Kiswahili cha Unguja, kilichotoka mwaka 1870, na kamusi ya Ludwig Krapf, iliyotoka mwaka 1882, ilisimama zaidi juu ya lugha ya Mombasa. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika Mombasa, na huko Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwanzo wa mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilianza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, na kamusi zilizobeba jina lake zikatoka mwaka 1939. Walioshika usukani walikuwa maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari. Watu waliorithi lugha ile kutoka kwa mababu zao hawakuwa waamuzi.

Kumbukumbu hiyo haikusudiwi kuifanya kazi ile kuwa bure. Kiswahili sanifu kimemwezesha mkulima wa Songea na karani wa Kisumu kusoma gazeti moja. Chuo cha Uchunguzi kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, Baraza la Kiswahili lililoundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 viliichukua kazi ile mikononi mwa wenyewe na kuitengeneza. Lakini ajuaye asili ya kipimo chake hukishika kwa adabu. Hujua kwamba kingeweza kuwa kingine. Hujua kwamba mtoto wa Mombasa aandikaye "mato" mahali pa "macho" hakosi kwa ujinga, bali asema lugha ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa mshairi mkuu wa mji ule kabla ya kalamu nyekundu ya kwanza kufika pwani. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ulitungwa kwa Kiamu. Kama bibi yule angefufuka leo akafanya mtihani wa insha, utendi wake ungerudi umejaa alama za makosa. Na yule aliyezitia alama hizo angekwenda darasa la pili kuwafundisha wanafunzi kuwa Mwana Kupona ni fahari ya fasihi ya Kiswahili.

Wako pia wale wanaoyachunguza maneno kama walinzi wa forodha, wakiuliza kila neno lilikotoka. Mmoja huyachukia maneno ya Kiarabu na kutaka yaondoke. Mwingine huyachukia maneno ya Kiingereza na kutaka yasiingie. Mlinzi wa namna hii yafaa aulizwe habari za nyumba yake. Meza anayoiandikia imetoka kwa Wareno. Dirisha linalompa mwanga ni la Waajemi. Shule aliyosomea ameipata kwa Wadachi, na gari analorudia nyumbani ni la Wahindi. Akihesabu hadi kumi katika lugha anayoilinda, sita, saba na tisa atazikopa kwa Waarabu. Hata neno "ngeli", ambalo bila ya hilo hawezi kusimama mbele ya darasa, ni la Wahaya. Na "ikulu" imetoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Mambo hayo hayamzuii kulipinga neno jipya kama halifai. Yanamzuia tu asiseme kuwa halifai kwa sababu ni geni, maana kwa hoja hiyo atabaki amekaa chini, gizani, bila ya meza wala dirisha.

Ukaribu wa pwani nao umezaa kiburi chake. Zamani hata sasa wapo wadhanio kuwa lugha ni damu, na kwamba mtu wa bara ni mgeni barazani hata azeeke hapo. Lakini nguzo za baraza lenyewe na zitazamwe. Shaaban Robert, ambaye kila mtu humwita fahari ya Kiswahili, alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 katika ukoo wa Kiyao. Amri Abedi, aliyewaandikia washairi sheria zao katika kitabu cha mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, kando ya ziwa. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo, na Euphrase Kezilahabi alitoka Ukerewe. Mtu wa pwani ana haki ya kujivunia alichokilea. Hana haki ya kusahau waliokilea pamoja naye.

Wala watu wa bara wasidhani kuwa wamepona. Katika miji ya Tanzania, ambako lugha hii husifiwa katika kila hotuba, jina lenyewe la "Mswahili" limegeuzwa kuwa tusi. Mtu asiyetimiza ahadi huambiwa ana "uswahili"; mtaa wenye makelele na usio na mpango huitwa "uswahilini". Mtu huyo huyo atumiaye jina hilo kwa dharau husimama tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, akaomboleza kwamba vijana hawaiheshimu lugha yao. Wangewezaje kuiheshimu lugha ambayo wenye jina lake hutajwa kama mfano wa hila?

Ugomvi wa ushairi nao una mafunzo. Mashairi yasiyofuata vina na mizani yalipoanza kutolewa katika vitabu, Mashairi ya Kisasa mwaka 1973 na Kichomi mwaka 1974, vita vikubwa vya maneno vilizuka. Upande mmoja walisema kuwa kisicho na vina si shairi. Na wengi wao hawakukumbuka nyimbo za kubembelezea watoto na za ngoma walizoimbiwa na mama zao, ambazo nyingi hazikuzifuata kanuni hizo. Upande wa pili walikuwako waliosema kuwa vina na mizani ni pingu; na si wote waliosema hivyo waliokuwa wamejaribu kwanza kutunga ndani ya vina na mizani wakaona kama ni pingu kweli au ni mikono yao iliyo mizito. Miaka ilipita. Leo tungo za namna zote mbili husomwa darasani, na mwanafunzi asiyejua habari za vita vile haoni kwa nini watu wazima waligombana. Maneno makali yalikuwa mengi, na maswali ambayo mtu alijiuliza mwenyewe yalikuwa machache.

Yawezekana msomaji aone kuwa haya yote ni mambo madogo, na kwamba hapana aliyepata kufa kwa kuchekwa. Lakini na atazame kinachotokea darasani. Katika shule nyingi za Kenya, wakati wa ukoloni na hata baada yake, mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenziwe. Mchezo ule uliwafundisha watoto mambo mawili: kuionea haya lugha ya nyumbani, na kuwasikiliza wenzao si kwa kutaka kujua wanalosema bali kwa kutaka kuwanasa. Kibao chenyewe kimepotea mahali pengi. Tabia yake haikupotea. Mtoto aliyekivaa amekua, amesoma, amepata shahada, na sasa husikiliza Kiswahili cha wengine kwa sikio lile lile la kunasa. Maumivu aliyoyapata amewapokeza wengine, na hajui kuwa alichoshika mkononi ni kibao cha zamani.

Mwanafunzi aliyenaswa mara nyingi hafanyi bidii ya kusema vizuri zaidi. Aghalabu hunyamaza. Anapokuwa na jambo la maana la kusema, huogopa kulisema kwa Kiswahili kwa kuwa atachekwa. Huogopa kulisema kwa Kiingereza kwa kuwa hakukijua vya kutosha. Basi hubaki nalo moyoni. Katika Tanzania masomo mengi ya sekondari yangali yakifundishwa kwa Kiingereza, na wanaotaka Kiswahili kiingie humo husema kila mwaka kwamba lugha hii yaweza kubeba elimu yoyote. Ni kweli yaweza. Lakini lugha haibebi elimu peke yake. Hubebwa na vinywa vya watu, na vinywa vilivyofungwa kwa aibu havibebi kitu. Mtaalamu apiganiaye Kiswahili mchana katika hotuba, na kuwanyamazisha wasemaji wake jioni kwa dhihaka, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Itajibiwa kuwa, kama kila mtu atangoja awe safi ndipo ahukumu, hapana atakayehukumu, na lugha itakuwa shamba lisilo na mwenyewe. Jibu hili lina nguvu, na lastahili kujibiwa kwa haki. Hukumu ni lazima. Mganga akiandika "kunywa dawa saa sita" akikusudia "kila baada ya saa sita", mgonjwa aweza kunywa mara moja tu, adhuhuri, akazidiwa. Mkataba wenye neno lisilo na mpaka huzaa kesi. Hapana chuo kitakachosimama bila ya kusema hili ni sahihi na hili si sahihi. Tena si lazima mwalimu awe mkamilifu ili afundishe, kama ilivyo si lazima tabibu asiugue ili atibu.

Walakini kujichunguza hakumzuii mtu kuhukumu, humfundisha kuhukumu. Mwalimu aliyejiuliza kwa nini yeye mwenyewe huteleza akasema "masaa" hujua neno hilo hufanya kazi gani, na kwa hiyo aweza kumwambia mwanafunzi: katika maandishi rasmi andika "muda wa saa mbili", maana hapo pengo limezibwa bila ya utata. Mwanafunzi ataondoka na maarifa mawili mahali pa fedheha moja. Mwalimu anayekumbuka kuwa naye huchanganya lugha aombapo chai atamfundisha kijana wa Sheng wapi pa kuisema na wapi pa kuiacha, na huenda akajifunza kwake neno ambalo kamusi itakuja kulihitaji. Kwani "matatu" na "daladala" yalizaliwa barabarani, na leo hapana mtu ayaonaye haya. Asiyejichunguza hana ila neno moja la kusema, nalo ni "kosa".

Basi mwenye kalamu nyekundu na aulize kwanza: Je, kosa hili limo kinywani mwangu? Kanuni niishikayo naijua ilikotoka, au niliipokea kama nilivyopokea kibao shingoni? Tena nataka huyu ajue, au nataka aonekane hajui? Akijibu kwa kweli, na baada ya majibu hayo kosa likabaki kuwa kosa, basi aandike alama yake bila ya woga. Alama hiyo itakuwa na haki, na mwenye kupewa ataijua kuwa ni ya haki hata ikimwuma.

Nyani haoni kundule. Ndivyo wasemavyo wahenga, na nyani husamehewa kwa kuwa maumbile yake hayakumpa kuliona. Lakini nyani hakusoma chuo kikuu, wala hakuajiriwa kuwatazama wengine. Msomi hana udhuru huo.